Kabla Zege Halijamwagwa: Jinsi ya Kukubaliana na Mkaguzi wa Majengo Kuhusu Sakafu ya Chini Unapokarabati Nyumba England

Gari la zege lilikuwa limeagizwa lije Alhamisi saa mbili asubuhi. Jumatano mchana mkaguzi wa majengo akaingia kwenye nyumba yetu ya Northampton, akachuchumaa pembeni ya shimo tulilochimba nyuma, akamulika tochi chini ya mbao za sebuleni, akauliza swali moja tu: "Hewa ya huku itatokea wapi?" Mimi na fundi tukatazamana. Hatukuwa na jibu. Zege likaahirishwa, gharama ya kuahirisha tukalipa, na kazi ikalala siku tisa.

Swali lile lingeweza kujibiwa kwa barua pepe wiki tatu kabla. Tangu siku ile nimesaidia ndugu na marafiki kadhaa kupitia njia hiyo hiyo, na kila mara naona kosa ni lilelile: watu wanamwona mkaguzi kama askari wa barabarani, wanamkwepa mpaka siku ya mwisho, kumbe sakafu ya chini ni mahali ambapo yeye anaweza kukukomboa kabla pesa hazijafukiwa ardhini. Ninayoyaeleza hapa ni ya England. Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini wana sheria zao, na Uskoti hasa huruhusiwi kuanza kazi kama hii kabla ya kupata kibali chao.

Hatua ya 1: Jua nyumba yako imekaa juu ya nini

Sisi tuliokulia nyumbani, ukitutajia sakafu ya chini tunawaza jamvi: msingi, mawe ya kushindilia, nailoni, zege, basi. Nyumba za safu za hapa, zile za matofali mekundu zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, haziko hivyo. Mara nyingi vyumba vya mbele vina mbao zilizopigiliwa juu ya maboriti, maboriti yamekaa juu ya kuta fupi za matofali, na chini yake kuna uwazi mtupu unaopitisha upepo. Jiko la nyuma nalo lina vigae vyekundu vilivyolazwa juu ya majivu na udongo, hakuna nailoni wala zege. Nyumba moja, sakafu mbili zenye tabia mbili tofauti. Matatizo karibu yote huanzia hapo zinapokutana.

Kabla hujamwita mtu yeyote, ng'oa mbao mbili sebuleni na vigae vitatu jikoni. Pima uwazi ulioko chini ya maboriti. Choma ncha za maboriti kwa bisbisi pale zinapoingia ukutani, maana kuoza huanzia huko. Bisbisi ikizama kama kwenye keki, boriti hiyo imekwisha. Toka nje uhesabu matofali ya hewa, yale yenye matundu karibu na ardhi, uone mangapi yamezibwa kwa rangi, udongo au baraza ya mwenye nyumba aliyepita.

Kisha chimba shimo dogo kando ya ukuta, la upana wa koleo mbili, mpaka uone msingi unaishia wapi. Hili watu wengi hawalifanyi, nami nalisisitiza kuliko yote ya hatua hii. Misingi ya nyumba hizi mara nyingi ni matofali yaliyopanuliwa ngazi kwa ngazi juu ya udongo, bila zege lolote chini yake, na haina kina kirefu. Kwetu jikoni msingi uliishia milimita 400 chini ya vigae vya zamani. Namba hiyo moja iliamua mchoro wetu wote, kama utakavyoona.

Tahadhari moja: ukikuta vigae vyeusi au vya kahawia vigumu kama bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani), au gundi nyeusi chini yake, usivivunje. Vigae vingi vya katikati ya karne iliyopita vilitiwa asbesto, na asbesto haikupigwa marufuku kabisa Uingereza mpaka 1999. Peleka kipande maabara kwanza.

Hatua ya 2: Peleka maombi, na uchague njia inayokupa majibu mapema

Kubadilisha zulia au kupigilia upya mbao mbili hakuhitaji mkaguzi. Kung'oa sakafu na kujenga nyingine kunahitaji. Unaweza kupitia halmashauri, au kaunsili kama tulivyozoea kuiita huku, au kampuni binafsi iliyosajiliwa kufanya kazi ya ukaguzi.

Ukienda halmashauri kuna njia mbili. Ya kwanza ni taarifa ya ujenzi: unajaza fomu, unalipa, unaanza haraka, na hakuna mchoro unaopitishwa. Ya pili ni michoro kamili: unawasilisha michoro, wanaikagua ndani ya wiki 5 isipokuwa mkikubaliana muda zaidi, na unapata idhini ya maandishi. Mafundi wanapenda ya kwanza kwa sababu haisubirishi mtu. Mimi, kwa sakafu ya chini ya nyumba ya zamani, nakushauri ya pili. Ukitumia taarifa tu, kila kosa utalijua likiwa tayari limechimbwa. Na kama bomba la maji taka la umma linapita chini ya kazi yako au karibu nayo, njia ya taarifa haikufai kabisa. Utahitaji pia makubaliano na kampuni ya maji ya eneo lako.

Jambo la jirani nalo ni la hapa. Ukichimba ndani ya mita 3 kutoka nyumba ya jirani, na ukashuka chini ya msingi wake, sheria ya kuta za pamoja ya 1996 inakutaka umpe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla. Kwenye nyumba za safu jirani yuko sentimita chache tu kutoka kwenye koleo lako. Mkaguzi wa majengo hasimamii sheria hiyo, kwa hiyo usitegemee yeye akukumbushe.

Hatua ya 3: Chora mkato wa sakafu, tabaka kwa tabaka

Mkaguzi si mchoraji wako. Tangu Aprili 2024 wakaguzi wa England wanatakiwa kuwa wamesajiliwa na wanafungwa na kanuni za maadili, na wengi wao sasa ni waangalifu sana wasije wakaonekana wanabuni kazi ambayo wao wenyewe wataikagua. Ukimuuliza "Nifanye nini?" atakujibu kwa ujumla tu. Ukimwonyesha mkato wenye vipimo, yaani mchoro wa sakafu kana kwamba imekatwa kutoka juu hadi chini, ukamuuliza "Hii unaikubali?", hapo mazungumzo yanaanza.

Mkato wa jamvi la kawaida, kutoka chini kwenda juu, huwa hivi:

- udongo uliosawazishwa, mizizi na taka zimeondolewa;
- mawe safi yaliyoshindiliwa, kama milimita 150, na kwa vyovyote yasizidi 600;
- mchanga kidogo, kama milimita 25, ili mawe yasitoboe nailoni;
- nailoni ya kuzuia unyevu yenye unene wa maikroni 300, ile inayouzwa kama geji 1200, viungo vyake vimepishana na kugandishwa;
- zege lisilopungua milimita 100;
- bodi za povu za kuhami joto, tuseme milimita 75;
- nailoni nyembamba, kisha sakafu ya saruji na mchanga ya milimita 65;
- vigae na gundi yake, kama milimita 15.

Jumlisha: 430. Msingi wetu, kumbuka, uliishia 400. Maana yake mchoro wa kwanza wa fundi ungetupeleka milimita 30 chini ya msingi wa ukuta unaobeba ghorofa na paa, upande mmoja ukiwa ukuta tunaoshirikiana na jirani. Fundi wangu, kaka tuliyetoka naye Tanga na mtu ninayemheshimu sana kwa kazi ya mikono yake, aliniambia, "Kaka, milimita 30 ni unene wa vidole viwili, nyumba haitajua." Nyumba inajua. Udongo wa kando ya msingi ndio unaoushikilia usisukumwe pembeni, na ukiuondoa wakati wa mvua za Novemba ukuta unaweza kushuka kabla hujamwaga zege.

Tulibadilisha mpangilio. Bodi za povu tukaziweka chini ya zege, juu ya nailoni, na zege lenyewe likasawazishwa vizuri liwe ndilo sakafu ya kubandikia vigae. Tabaka la saruji la milimita 65 likatoka kabisa. Hesabu mpya: mawe 150, mchanga 25, povu 75, zege 100, vigae 15. Jumla 365, milimita 35 juu ya mwisho wa msingi. Mkaguzi aliukubali mkato huo kwa sharti moja, kwamba juu ya povu iwekwe nailoni nyembamba ili zege bichi lisipenye kwenye viungo vya bodi.

Ikiwa kwako hata mpangilio huo unazidi msingi, simama umwite mhandisi wa miundo. Kuna njia za kuchimba vipande vifupi na kuimarisha msingi, lakini hiyo ni kazi ya kuhesabiwa na mtu mwenye taaluma yake, na mkaguzi ataitaka hesabu hiyo kwa maandishi.

Nailoni ya jamvi lazima ipande ukutani na kuungana na mkanda wa unyevu ulioko ndani ya ukuta, yaani tabaka linalozuia unyevu wa ardhini usipande. Nyumba nyingi za zamani mkanda huo ni vipande vya slate (jiwe jembamba bapa), mstari mwembamba wa kijivu kati ya matofali. Onyesha kwenye mchoro wako hasa mahali vinapokutana. Mchoro usioonyesha kona hiyo hurudishwa, na ni haki urudishwe, kwa sababu unyevu haupiti katikati ya jamvi, unapita pembeni.

Ukiamua kubaki na sakafu ya mbao, mkato wako uonyeshe mambo mengine: ardhi ya chini imefunikwa kwa zege la milimita 100 juu ya mawe, au zege la milimita 50 juu ya nailoni ya maikroni 300, uwazi usiopungua milimita 150 kutoka zege hilo hadi chini ya maboriti au kihami joto, na milimita 75 hadi chini ya mbao ya ukutani inayobeba maboriti.

Hatua ya 4: Hesabu ya joto

Ukibadilisha zaidi ya nusu ya sakafu, sheria inakutaka uiboreshe ihifadhi joto. Kipimo kinaitwa thamani ya U: ni wati ngapi zinapotea kwenye kila mita ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti ya joto. Namba ikishuka, sakafu imekuwa bora. Kwa sakafu ya zamani inayokarabatiwa England lengo ni 0.25. Kwa sakafu mpya ya chumba cha kuongeza ni 0.18.

Unene wa povu unaotakiwa hautegemei povu peke yake. Joto la sakafu ya chini hukimbilia kwenye kingo zilizo wazi nje, kwa hiyo wanapima urefu wa kuta za nje kisha wanaugawanya kwa eneo la sakafu. Chukua nyumba ya upana wa mita 5 na kina cha mita 8. Ikiwa imebanwa katikati ya safu, kuta zake za nje ni ya mbele na ya nyuma tu: mita 10 kwa mita za mraba 40, yaani 0.25. Nyumba ile ile ikisimama peke yake ina mita 26 za ukuta wa nje, yaani 0.65. Ya pili itahitaji povu nene zaidi kufikia lengo lile lile. Ndiyo maana usinunue povu kwa kuiga aliyonunua rafiki yako wa Milton Keynes. Watengenezaji wakubwa wa bodi hizi wana vikokotoo kwenye tovuti zao. Ingiza vipimo vyako, chapisha karatasi ya matokeo, uiambatanishe na mchoro.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi. Mwongozo wa serikali wenyewe unaruhusu kiwango pungufu pale ambapo kufikia lengo kungeleta tatizo kubwa la usawa wa sakafu na vyumba vinavyopakana nayo. Hii si fadhila ya mkaguzi, imeandikwa. Lakini lazima uiombe, na uiombe kwa ushahidi: kina cha msingi ulichopima, urefu wa milango, ngazi. "Bosi, haiwezekani" haisaidii. "Msingi uko hapa, mlango uko hapa, unene mkubwa unaoingia ni huu, na unatoa thamani hii" inasaidia sana.

Usisahau kuweka ukanda wa povu wa milimita 25 kuzunguka kingo za zege, kati yake na ukuta wa nje. Ukiuacha, baridi ya ukuta inaingia kwenye jamvi moja kwa moja, na vigae vya pembeni vitakuumiza nyayo kila Januari.

Hatua ya 5: Hewa

Hili ndilo lililotusimamisha, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu kwa mstari: sebule mbele, chumba cha kulia katikati, jiko nyuma. Sebule na chumba cha kulia vilikuwa na sakafu ya mbao. Tulibomoa ukuta kati ya chumba cha kulia na jiko tupate sehemu moja kubwa, na tukataka jamvi moja kote huko nyuma. Sebule ibaki na mbao zake nzuri za zamani.

Tulichosahau ni kwamba mbao za sebuleni zilikuwa zikipumua kupitia chini ya chumba cha kulia. Upepo uliingia kwa matofali ya hewa ya mbele, ukapita chini ya maboriti yote, ukatokea ua wa nyuma. Jamvi letu lilikuwa linaenda kuziba njia hiyo kama kizibo cha chupa. Hewa ya chini ya sebule ingetulia, unyevu wa udongo ungepanda, na baada ya miaka michache maboriti yangeanza kuota kuvu. Ukiisikia harufu ya ghalani kwenye nyumba ya zamani iliyotiwa jiko la kisasa nyuma, mara nyingi chanzo ni hicho.

Kanuni inataka matundu ya hewa kwenye kuta mbili zinazotazamana, na hewa ipite bila kizuizi kati yake. Ukubwa wake ni milimita za mraba 1,500 kwa kila mita ya ukuta wa nje, au 500 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Unachukua kubwa kati ya hizo mbili. Sebule yetu na korido ni mita 5 kwa 4, yaani mita za mraba 20. Kwa ukuta wa mbele: 5 mara 1,500 ni 7,500. Kwa eneo: 20 mara 500 ni 10,000. Tukachukua 10,000.

Pale panapozibwa na jamvi, unapitisha mabomba ndani ya tabaka la mawe, yasiwe chini ya kipenyo cha milimita 100. Bomba moja la 100 lina uwazi wa kama milimita za mraba 7,850. Mawili yangetosha kwa hesabu. Tuliweka matatu, moja kila upande na moja katikati, ili pembe za sebule zisibaki na hewa mfu. Tuliyalaza kwa mteremko mdogo kuelekea nje, maji yakiingia yatoke. Kwa kuwa yalikuwa chini ya usawa wa ardhi ya uani, upande wa nyuma tulifunga vipitishio vyenye kona, vinavyopanda ndani ya ukuta kama periskopu na kutokea juu ya ardhi.

Angalia pia aina ya tofali la hewa. Lile la udongo la zamani linapitisha hewa kidogo mno kuliko la plastiki la ukubwa ule ule. Namba ya milimita za mraba huandikwa na mtengenezaji. Iweke kwenye mchoro, mkaguzi asihangaike kuitafuta.

Hapa Northamptonshire, kama ilivyo Cornwall, Devon na sehemu za Derbyshire, kuna jambo la ziada linaloitwa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye miamba na inayoweza kusababisha saratani ya mapafu. Kiwango cha kuchukua hatua nyumbani ni bekereli 200 kwa mita ya ujazo. Tafuta ripoti ya anwani yako kwa ada ndogo, na umuulize mkaguzi kama nailoni yako inatakiwa kuzibwa kwa namna ya kuzuia gesi pia. Mara nyingi tofauti ni gundi bora kwenye viungo na vifuniko maalumu pale mabomba yanapotoboa nailoni, gharama ndogo sana ukiilinganisha na kufumua jamvi.

Hatua ya 6: Usawa, milango na ngazi

Fupi, lakini usiiruke. Ukiinua sakafu pale ngazi inapoanzia, kidato cha kwanza kinakuwa kifupi kuliko vingine. Vidato vya ngazi ya nyumbani vinatakiwa kulingana, na kimoja kisizidi milimita 220. Mtu hujikwaa palepale kidato kinapobadilika ghafla. Na nje, ardhi ibaki milimita 150 chini ya mkanda wa unyevu. Usimwage baraza jipya likaufunika.

Hatua ya 7: Andika barua pepe moja inayotosha

Hii iende angalau wiki mbili kabla ya kuchimba. Iandike kwa Kiingereza chepesi. Ukiona lugha inakukwaza, muombe kijana wa nyumbani aisome kwanza, lakini vipimo viwe vyako. Iwe na mambo haya, kwa mpangilio huu: anwani na namba ya maombi, sentensi mbili tatu za maelezo ya sakafu iliyopo na uliyoyakuta kwenye shimo la majaribio, pamoja na picha yenye futi ikionekana, mkato wenye vipimo, karatasi ya thamani ya U, hesabu ya hewa, na maswali yako, yaliyopewa namba.

Maswali ndiyo moyo wa barua. Barua yetu ya pili, ile ambayo ingetuokoa ile Jumatano kama ingetangulia, ilikuwa na maswali manne: je, mpangilio wa povu chini ya zege unakubalika, je, mabomba matatu ya milimita 100 yanatosha kwa sebule, je, unahitaji ulinzi wa radoni, na ni hatua zipi unataka kuziona kabla hazijafunikwa. Mkaguzi alijibu siku ya tatu, mistari sita. Nilichapisha jibu lile, nikalibandika kwa utepe kwenye mlango wa jiko fundi alione kila asubuhi.

Wakikubaliana nawe kwa simu au wakiwa wamesimama kwenye shimo, jioni ile ile mwandikie: "Asante kwa kuja leo, nilivyoelewa tumekubaliana hivi na hivi, kama nimekosea naomba unirekebishe." Wakaguzi hubadilishwa, huugua, huenda likizo. Yule anayekuja kesho hakusikia mliyozungumza jana.

Hatua ya 8: Mwite kwa hatua, usifunike asichokiona

Kwa jamvi, tegemea aje walau akague chini ya shimo na mawe yaliyoshindiliwa, kisha aje nailoni, povu na mabomba yakiwa yamelazwa, siku moja kabla ya zege. Uliza mapema wanataka taarifa ya muda gani, na usiagize gari la zege mpaka ziara hiyo iwe imethibitishwa. Sisi tuliagiza kwanza tukaita baadaye, na risiti ya kuahirisha ninayo mpaka leo.

Siku ya ziara, shimo liwe kavu na lisiwe na taka. Futi, pima maji na tochi viwe mkononi. Fundi awepo, kwa sababu maswali ya namna ya kufanya atayajibu yeye. Mpe mkaguzi nafasi achunguze kimya, usimjazie maneno. Akiondoka, piga picha nyingi, kila kona, futi ikisomeka, na uzihifadhi na tarehe. Akishindwa kufika na akakuruhusu kuendelea kwa picha, ruhusa hiyo iwe ya maandishi.

Hatua ya 9: Akikataa

Usikasirike, wala usitafute mwingine kwa siri. Muulize kwa upole ni kanuni ipi hasa inayomtia wasiwasi, unyevu, muundo, joto au hewa. Mara nyingi anakataa kipande kimoja tu, na wewe umesikia amekataa kazi yote. Miongozo ya serikali inaonyesha njia moja ya kutimiza sheria. Si sheria yenyewe. Ukiwa na njia nyingine na hesabu ya mhandisi inayoonyesha matokeo ni yale yale, ana haki ya kuikubali. Mkishindwana kabisa, sheria ina ngazi ya juu ya kuomba uamuzi, lakini inachukua muda, na nyumba yako iko wazi chini.

Kumwaga zege kwa kiburi ni hatari ya muda mrefu. Tangu Oktoba 2023 halmashauri ina miaka 10, badala ya mmoja wa zamani, ya kukuamuru ubomoe au urekebishe kazi iliyovunja kanuni. Na anayetaka kuhalalisha baadaye huambiwa atoboe sakafu yake mwenyewe ili waone kilichomo.

Hatua ya 10: Kukauka na cheti

Tabaka la saruji na mchanga hukauka kama milimita moja kwa siku kwa zile 50 za kwanza, kisha polepole zaidi, na zege nene hukawia kuliko hapo. Vigae vinavumilia mapema, mbao hazivumilii. Pima unyevu kwa kifaa kabla hujabandika kitu chochote cha mbao, hata kama fundi anakuambia anaujua kwa kiganja.

Kazi ikiisha, omba cheti cha ukamilishaji. Hakiji chenyewe kila mara. Wengi hukaa miaka wakidhani wanacho, mpaka siku ya kuuza nyumba mwanasheria wa mnunuzi akiulize. Chetu kilikuja kwa barua pepe wiki mbili baada ya ziara ya mwisho. Nimekiweka kwenye faili moja na mkato wa sakafu, jibu la mistari sita, na picha ya mabomba matatu yakiwa yamelala juu ya mawe, asubuhi ya siku ambayo zege lilimwagwa hatimaye.